Dkt. Ida Scudder wa Vellore (1870–1960)

Ida Sophia Scudder alizaliwa tarehe 9 Desemba 1870 huko Ranipet, India ya Kusini, katika ukoo wa madaktari wamisionari kutoka Marekani. Babu yake na baba yake walikuwa katika kazi hiyo, naye alikusudia kutowafuata.

Alirudi India kwa ajili ya kumwuguza mama yake tu. Usiku mmoja huko Tindivanam walifika wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, wawili Wahindu na mmoja Mwislamu, kila mmoja akiwa na mke aliyeshindwa kujifungua. Baba yake Ida alikuwa tayari kwenda, lakini desturi ilikataza mwanamume mgeni kumhudumia mwanamke. Walimtaka binti, naye hakujua ukunga. Kulipokucha, wake wote watatu walikuwa wamefariki.

Ida akasomea udaktari, akahitimu Cornell, New York, mwaka 1899. Mwaka 1902 hospitali yenye vitanda 40 ilifunguliwa Vellore. Daktari mmoja hakuweza kuutosheleza umati ule. Kwa hiyo alianzisha mafunzo ya wauguzi mwaka 1909, na mwaka 1918 chuo cha udaktari kwa wanawake, kikiwa na wasichana 17.

Jaribu kubwa zaidi lilimjia uzeeni. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Madras iliagiza kwamba madaktari wasomee shahada, wala si stashahada tena. Chuo kilihitaji walimu mabingwa, vitanda vingi na fedha ambazo hazikuwapo. Ilipendekezwa wanaume nao wapokelewe, ili makanisa mengi zaidi yachangie. Baadhi ya akina mama wa Marekani waliokuwa wafadhili, akiwamo rafiki yake wa siku nyingi Lucy Peabody, walipinga vikali. Hawakulalamika bure, maana sadaka zao zilitolewa kwa ajili ya wanawake. Hata hivyo Ida alikubali, na mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 70, alikwenda Marekani kuomba michango. Wanafunzi wa kiume waliingia mwaka 1947.

Mabingwa nao wakaja. Mwaka 1948 Dkt. Paul Brand alianza kurekebisha kwa upasuaji mikono iliyopindwa na ukoma. Mwaka 1949 Dkt. Jacob Chandy, mwana wa India, alifungua idara ya upasuaji wa ubongo, ya kwanza nchini humo.

Ida, aliyestaafu mwaka 1946, aliyaona hayo yote. Alifariki Kodaikanal mwezi Mei 1960, akiwa na umri wa miaka 89.