Alexander Mackay, Mmisionari Fundi wa Mwambao wa Kusini (1849–1890)

Kabla Walutheri hawajafika katika mwambao wa Ziwa Viktoria, makaburi ya wamisionari yalikwisha kuwapo. Mojawapo lilichimbwa mwezi Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa ziwa, akazikwa humo Mskoti mmoja mwenye umri wa miaka 40, fundi wa mitambo, ambaye hakuwahi kuwekewa mikono kuwa mchungaji. Mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala, mwaka 1927, lakini kwa miaka zaidi ya thelathini alilala katika ardhi ya upande huu.

Alexander Mackay hakuwa Mlutheri. Alilelewa katika Kanisa Huru la Uskoti, akatumwa na shirika la CMS la Kanisa la Uingereza. Hata hivyo kitabu cha miaka mia moja ya usharika katika Nyamagana hakiwezi kumpita kimya. Walutheri wa Bukoba, ambao wengi wa watoto na wajukuu wao walihamia Mwanza, walipata mwanga wa kwanza wa Injili kutoka Buganda, kwa njia ya Wahaya waliojifunza kusoma huko na kurudi nyumbani na vitabu vya Kiganda mikononi. Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 wakiongozwa na Ernst Johanssen, waliwakuta wasomaji hao wamekwisha kuamini. Na aliyeanzisha kazi ya kupiga chapa maneno ya Kiganda alikuwa Mackay.

Iko sababu nyingine pia. Nyamagana ni nyumba ya wahamiaji. Wako walioshuka melini kutoka Bukoba, na tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, wako walioshuka garimoshini kutoka pande nyingine za nchi. Kila mmoja wao alilazimika kujifunza salamu upya, chakula upya, na namna ya kunyamaza mbele ya wazee wasio wake. Mackay aliipitia shule hiyo mara mbili, na hakufaulu kila mtihani.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, katika jimbo la Aberdeen, mwana wa mchungaji. Baba yake alimfundisha nyumbani hadi alipotimiza miaka kumi na minne. Baadaye alisomea ualimu, kisha uhandisi, katika mji wa Edinburgh. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akapata kazi ya kuchora mitambo katika kiwanda kimoja cha Berlin. Huko alikaa katika nyumba ya Baur, mhubiri wa ikulu ya Kaizari, akajifunza Kijerumani na kushiriki ibada za jamaa ile. Kwa hiyo ugeni wake wa kwanza ulikuwa miongoni mwa Wakristo wa Kijerumani, nao ulikuwa ugeni mwepesi: watu wa vitabu vilevile, meza ileile, na baridi ileile ya kwao.

Mwezi Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya msafiri Stanley, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. Mackay aliomba kutumwa, akakubaliwa. Walikuwa wanane katika kundi lao. Siku ya kuagwa aliwaonya viongozi wa CMS kwamba huenda katika muda wa miezi sita wakasikia kwamba mmoja wa wale wanane amefariki, na kwamba habari hiyo isiwavunje moyo, bali wamtume mwingine mara moja. Walifika Zanzibar mwezi Mei 1876. Miezi sita haikwisha kabla James Robertson hajafariki.

Mackay mwenyewe aliugua homa njiani kwenda bara, akarudishwa pwani. Alipopona alipewa kazi ya kutengeneza njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Aliifyeka mwaka 1877 pamoja na vibarua, kwa shoka na panga, akitumaini kwamba magari ya ng'ombe yatachukua nafasi ya mabega ya wapagazi. Njia ilipatikana, lakini ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Wapagazi wangeweza kumweleza jambo hilo tangu mwanzo, maana wao waliijua nchi. Hesabu yake ya fundi ilikuwa sahihi kabisa, ila haikumhesabu mdudu mmoja.

Mwezi Juni 1878 alifika Kageye, ambayo leo imo katika Wilaya ya Magu. Hapo ndipo Stanley alipoishusha mashua yake ziwani mwaka 1875, na ndipo misafara ya biashara, pamoja na biashara ile ya kusikitisha ya watumwa, ilipokutana na maji. Mackay alikuta mali ya misheni imerundikwa ndani ya banda: sehemu za injini, mtambo wa kupigia chapa, vitabu na vyombo, vyote vimechanganyika, vingine vimeliwa na kutu na vingine na mchwa. Mashua ya misheni iliyoitwa Daisy ilikuwa imepasuka kwa jua. Daktari John Smith alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa papo hapo Kageye mwaka 1877. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe mwezi Desemba mwaka huohuo, walipokataa kumtoa mfanyabiashara Songoro aliyekimbilia kwao alipokuwa na ugomvi na Mtemi Lukonge.

Watu wa Kageye walitazamia kwamba mzungu huyu mpya atalipiza kisasi. Mackay alivuka kwenda Ukerewe bila jeshi, akaketi na Lukonge na kumsikiliza. Alitaka kujua ugomvi ulianzaje, akaambiwa upande wa mtemi, na amani ikapatikana. Tendo hili halitajwi mara nyingi kama yale ya Buganda, lakini lastahili kutangulizwa. Mtu aliyekuja na injini alijifunza, katika ziwa letu hili, kwamba kabla ya kufungua sanduku la vyombo yapasa kwenda kwa mwenye nchi na kuketi chini.

Aliitengeneza Daisy, akasafiri mwezi Agosti pamoja na Wilson, mwenzake mmoja wa wale wanane, wakavunjikiwa na dhoruba katika pwani ya magharibi. Hapo alizikata mbao za katikati ya mashua ili azibe mbele na nyuma, nao wakaendelea katika chombo kilichopungua urefu. Buganda walifika mwezi Novemba 1878.

Lugha iliyomfungulia mlango wa Kabaka ilikuwa Kiswahili. Mutesa alikijua kwa sababu ya wafanyabiashara wa pwani, na Mackay alikuwa na sehemu za Agano Jipya katika Kiswahili, kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Alisoma barazani kwa Kiswahili huku akijifunza Kiganda kwa vijana waliokuja karakanani kwake. Alichonga herufi za chapa kwa mti, baadaye akazisubu kwa risasi, naye akatoa karatasi za kusomea ambazo watu walizinunua kwa kauri. Vijana walijifunza kushika nyundo na kusoma katika banda moja.

Katika nchi ile mtu mwenye heshima hakufua chuma kwa mikono yake. Mgeni wa Kabaka aliyetoka jasho mbele ya mvukuto aliwashangaza wakuu, wakampa jina la Mzungu wa Kazi. Mackay hakulikataa.

Mama wa Kabaka, Namasole, alipofariki mwaka 1882, Mutesa alimtaka Mackay atengeneze majeneza. Alifanya kazi hiyo kwa wiki nyingi: jeneza moja ndani ya jingine, moja likiwa la shaba, na la nje kubwa kama kijumba. Kaburi lilijazwa nguo za magome ya miti zisizohesabika. Wako wanaoweza kuuliza kama hiyo ilikuwa kazi ya mmisionari. Lakini mtu aliyeombwa kumzika mama wa mwenyeji wake amekwisha kutoka katika hali ya mpita njia, na Mackay alilifahamu hilo, ndiyo maana hakukataa. Katika mwezi wa Machi mwaka huohuo walibatizwa Waganda watano wa kwanza wa misheni yao, na mmojawapo, Sembera, alichagua kuitwa Mackay.

Haifai kuficha yale aliyoshindwa. Mwishoni mwa mwaka 1879 aliposikia kwamba Mukasa, mungu wa ziwa katika imani ya Waganda, anakaribishwa barazani kwa njia ya mganga wake ili Kabaka aponywe, Mackay alipinga hadharani mbele ya wakuu. Alisema lile aliloamini, na imani ya Kanisa iko upande wake. Lakini hakujua bado namna ya kumpinga mfalme pasipo kumwaibisha mbele ya watu wake. Baraza liliamua kushika desturi za baba zao na kuziacha dini za Waarabu na za wazungu pamoja, na kwa muda watu wakaogopa kuonekana misheni. Vilevile yeye na Padre Lourdel wa Wamisionari wa Afrika walibishana mbele ya Kabaka, hata Kabaka akauliza ni mzungu yupi mwenye ukweli. Ilikuwa aibu kwa pande zote mbili. Ziwa hili limechelewa kupona jeraha hilo, na wageni wa madhehebu mengine watakaosoma kitabu hiki wanalijua kama wanavyolijua Walutheri.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Kakumba, Serwanga na Lugalama, waliuawa kwa moto. Mwezi Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwezi Juni 1886 mashahidi wengi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa Namugongo. Mackay alibaki. Aliwapigia chapa Wakristo waliofichama waraka wa faraja kwa Kiganda, akaendelea kuitafsiri Injili. Mwezi Julai 1887, Mwanga alipomtaka aondoke, alifunga mlango wa nyumba ya misheni na kupanda mashua Eleanor kuja kusini.

Hapo ndipo ugeni ulipoanza mara ya pili, naye amekaribia miaka thelathini na minane. Usambiro haikuwa Buganda. Watu walikuwa na lugha yao, na badala ya mfalme mmoja mwenye baraza kubwa walikuwako watemi wengi wa nchi ndogo ndogo, kila mmoja akidai hongo yake kwa haki aliyoijua mwenyewe. Mtemi wa mahali pale aliitwa Makolo. Kiganda ambacho Mackay alikuwa amekitolea jasho miaka tisa hakikumfaa kwa jirani yake wa karibu. Alijenga nyumba ya udongo, karakana, na mahali pa kupasulia mbao, akaunda na gari la kuleta miti kutoka msituni, kwa maana alikusudia kuunda mashua nyingine. Waganda waliokimbia mateso walimfuata, wakasoma naye. Mwezi Machi 1888 aliwazika wenzake wawili katika muda wa wiki mbili, Blackburn na Askofu Parker.

Mwaka huohuo Mwanga alipinduliwa, akakimbilia upande huu wa ziwa. Mtu aliyewaua wanafunzi wa Mackay sasa alikuwa mgeni naye, akila chakula cha wengine. Mwaka 1889 alimwandikia Mackay kumwomba msaada, na kwamba yaliyopita yasikumbukwe. Mackay alikuwa na sababu zote za kutojibu. Aliwaachilia Gordon na Walker, wenzake waliobaki, wavuke kwenda visiwa vya Sese kuwahudumia Wakristo waliokusanyika huko pamoja na Mwanga, naye akabaki Usambiro na Deekes peke yake.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley alifika na Emin Pasha na msafara uliochoka, wakapumzika kwake karibu wiki tatu. Stanley alishangaa kukuta rafu za vitabu, mitambo inayofanya kazi na watoto wanaosoma, akamwona kuwa mmisionari mkuu kuliko wote tangu Livingstone. Alimshauri waende pamoja pwani. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita tangu Mackay aione Ulaya. Alimsindikiza mgeni wake njiani kidogo, kama ilivyo desturi ya huku, akarudi kwenye mbao zake.

Mwanzoni mwa Februari 1890 Deekes alikuwa mgonjwa na alijiandaa kurudi Uingereza. Asubuhi ya kuondoka, Mackay ndiye aliyeshikwa na homa, na Deekes akaahirisha safari ili amwuguze. Homa ilimtesa siku nne. Tarehe 8 Februari alilala katika Bwana. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao alizokuwa amezipasua kwa ajili ya mashua, akazikwa karibu na Askofu Parker. Wakristo wa Buganda waliokuwako, pamoja na vijana wa kijiji, walisimama kuzunguka kaburi wakaimba wimbo wa kumsifu Yesu, Deekes kwa Kiingereza na wao kwa Kiganda.