Mamo Wolde na somo la utu uzima

Wapo miongoni mwetu, walimu hasa, wanaoamini kwamba mwili wa binadamu hufunga hesabu zake pindi afikapo umri wa miaka 35. Mwalimu wa makamo akionekana alfajiri akikimbia barabarani katikati ya mashamba ya miwa ya Muhoroni, wanafunzi humcheka na wenzake humwuliza anakimbizwa na nani. Ni dhana ya ajabu kwa watu wanaoishi chini ya milima ya Nandi, chimbuko la wakimbiaji wanaosifika kote duniani. Ndiposa nimeona vyema kuwakumbusha wasomaji maisha ya mwanariadha mmoja wa Afrika Mashariki ambaye vijana wetu wengi hawamjui, ingawa aliwahi kushindana bega kwa bega na Wakenya.

Mamo Wolde alizaliwa Ethiopia mwaka wa 1932. Akiwa kijana alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na katika miaka ya hamsini alihudumu Korea pamoja na majeshi ya nchi yake. Mwaka wa 1956 Ethiopia ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne, na Mamo alikuwa katika timu hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 24, umri ambao wengi wetu tungeuita kilele cha nguvu. Alikimbia mbio za mita 800, za mita 1,500 na za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne. Katika zote tatu hakuvuka hatua ya mchujo.

Lau Mamo angalikuwa mwanafunzi katika shule zetu, hapana shaka angaliambiwa arudi darasani na awaachie wengine uwanja. Yeye hakuacha riadha, bali alibadilisha masafa. Miaka minane baadaye, katika Olimpiki za Tokyo za 1964, alishiriki mbio za mita 10,000 akiwa na miaka 32, akamaliza wa nne. Alijaribu pia mbio za marathoni lakini hakuzimaliza. Mshindi wa marathoni hiyo alikuwa Mwethiopia mwenzake, Abebe Bikila, aliyekuwa ameshinda pia mjini Roma mwaka wa 1960. Kwa muda mrefu, basi, Mamo aliishi katika kivuli cha mtu ambaye dunia nzima ilimfahamu.

Kisha ikaja Olimpiki za Mexico za mwaka wa 1968, katika jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mamo alikuwa ametimiza miaka 36. Katika fainali ya mita 10,000 alipambana mpaka hatua za mwisho na Naftali Temu, mwana wa Abagusii aliyekuwa na umri wa miaka 23. Temu alimshinda kwa muda usiofika sekunde moja, akailetea Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Mamo akapata fedha.

Juma moja baadaye, tarehe 20 Oktoba, wote wawili walijitokeza tena kwa mbio za marathoni. Bikila, akiwa na maumivu ya mguu, alijiondoa baada ya kilomita 17 hivi. Temu alimaliza wa 19. Mamo alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, akimwacha Kenji Kimihara wa Japani nyuma kwa zaidi ya dakika tatu. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki akiwa na umri mkubwa kuliko huo, mpaka Carlos Lopes wa Ureno aliposhinda mwaka wa 1984 akiwa na miaka 37.

Wala hakuishia hapo. Mjini Munich mwaka wa 1972, akiwa na miaka 40, alipata nishani ya shaba kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 8. Kweli, Munich haina hewa nyepesi kama ya Mexico. Hata hivyo, ni wangapi hupunguza muda wao kwa dakika tano baada ya kuongeza miaka minne? Mwaka uliofuata alishinda marathoni ya Michezo ya Afrika mjini Lagos.

Sikusudii kumfanya Mamo malaika. Baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka wa 1991, alitiwa nguvuni na kushtakiwa kwa mauaji ya kijana mmoja yaliyotokea wakati wa umwagaji damu wa miaka ya sabini. Alikana mashtaka hayo. Alikaa rumande kwa miaka mingi kabla ya kesi kukamilika. Januari 2002 mahakama ilimwona ana hatia ikamhukumu kifungo cha miaka sita, akaachiliwa kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa gerezani zaidi ya muda huo. Alifariki dunia tarehe 26 Mei mwaka huohuo.

Tunajifunza nini? Mamo hakuushinda umri kwa kujifanya kijana. Kasi ya mita 800 ni mali ya ujana na huondoka nao. Lakini ustahimilivu, ujuzi wa kugawa nguvu na subira ya kumwacha mwenzako atangulie bila kubabaika ni mambo ambayo huhitaji miaka kukomaa. Eliud Kipchoge, mzaliwa wa Kapsisiywa huko Nandi, alipita njia iyo hiyo. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003, akakosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki za 2012, akageukia marathoni, na mwaka wa 2021 akatwaa dhahabu yake ya pili ya Olimpiki akiwa na miaka 36.

Kiswahili humwita aliyevuka ujana mtu mzima, na neno hilo hilo hutumika kwa kitu kisichopungua wala kuvunjika. Wahenga nao walisema utu uzima dawa. Mwalimu mwenzangu uliye na miaka 40, na unayetamani kukimbia kutoka Muhoroni hadi Chemelil, au kurudi chuoni, anza, ila chagua masafa yanayolingana na miaka yako. Na mwanafunzi akishika mkia katika mita 800 siku ya michezo, usiandike katika ripoti yake kwamba hana kipaji. Mjaribu kwanza katika masafa mengine.