Sulaiman bin Abbad Al-Julanda na Hijra ya Kwenda Nchi ya Zanji

Kusini-mashariki ya Maskati kipo Yiti, kijiji cha kale cha wavuvi, na nyuma ya milima yake ipo nchi ya Hatat. Katika pwani ya upande huo ndipo ilipoanza khabari ya Sulaiman bin Abbad, mtawala wa Oman aliyeihama nchi yake pamoja na watu wake, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sulaiman na nduguye Said walikuwa wa ukoo wa Al-Julanda katika kabila la Azd. Babu yao, Abd bin Al-Julanda, na nduguye Jaifar, ndio waliopokea barua ya Mtume Muhammad (S.A.W.) kwa mkono wa Amr bin Al-As, wakasilimu kwa khiari yao, na watu wa Oman wakawafuata.

Ilipofika zama za Abdul-Malik bin Marwan (65-86 Hijria, 685-705 Miladia), Iraq ilikabidhiwa Al-Hajjaj bin Yusuf, naye mkono wake ulikuwa mzito juu ya kila aliyepinga utawala wa Bani Umayya. Imamu Jabir bin Zaid, mwanachuoni wa Basra mwenye asili ya Firq karibu na Nizwa, alifungwa kisha akahamishiwa Oman. Mwanafunzi wake, Abu Ubaida Muslim, alibakia gerezani mpaka alipokufa Al-Hajjaj mwaka 95 (714). Nao wakuu wa Azd waliokuwa Basra walizuiwa wasiwanusuru ndugu zao wa Oman.

Jeshi la kwanza lilikuja kwa bahari chini ya Al-Qasim bin Shi'wa, likatia nanga Hatat. Sulaiman akalikabili, Al-Qasim akauawa na watu wake wakashindwa. Al-Hajjaj akamtuma Mujja'a, ndugu wa marehemu, pamoja na askari ambao wapokezi wa tarehe ya Oman wanawahesabu kuwa 40,000, nusu kwa bara na nusu kwa bahari. Sulaiman akawashinda wa bara, lakini wa baharini walishuka Julfar wakaendelea hadi Barka, na Said akalazimika kuwapandisha wanawake na watoto Jabal Akhdar. Sulaiman akashuka Maskati, akachoma merikebu zaidi ya 50 za adui, kisha akamshinda Mujja'a huko Samail.

Ushindi huo haukuleta salama. Mujja'a alikimbilia Julfar, na Al-Hajjaj akamletea askari wengine 5,000 wa Sham. Khabari ilipowafikia, ndugu wawili hao walikuwa na jukumu la watu waliochoka kwa vita. Kupigana tena kungewaangamiza wanyonge, na kusalimu amri kungewatia mikononi mwa Al-Hajjaj. Basi wakauacha ufalme, wakachukua ahli zao na waliowafuata katika jamaa zao, wakavuka bahari hadi nchi ya Zanji, yaani Afrika ya Mashariki. Huko ndiko walikofia, wala hawakuiona Oman tena.

Hijra hiyo haikuwa aibu. Masahaba wa Mtume waliodhulumiwa Makka walivuka kwenda Habasha mwaka wa 5 wa Utume (615), wakapata uadilifu kwa Najashi aliyekuwa Mkristo. Wala dhulma haikuuzima ukoo ule, kwani mwaka 132 (750) Al-Julanda bin Mas'ud, wa nyumba hiyo hiyo, alibaiwa kuwa Imamu wa kwanza wa Oman.

Yapasa khabari hii isomwe na wazazi na watoto katika nyumba zetu, ambazo nyingi zimezijua pwani zote mbili, na baadhi yake ziliikimbia Unguja baada ya mwaka 1964. Sulaiman alifika Zanji akiwa mkimbizi, na wenyeji ndio waliokuwa na nchi. Kwa hivyo mtu ambaye wazee wake walipokelewa ugenini ana deni. Asimdharau mgeni wa leo aliyefukuzwa kwao kwa vita au kwa dini yake, hata akiwa si wa kabila lake wala wa madhehebu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa waadilifu. Amin.