Wangari Maathai: Profesa aliyepoteza kazi na nyumba

Ukitoka hapa Mbotela ufuate Jogoo Road kwa mguu, upite City Stadium, hauchukui muda utakuwa Kamukunji. Wengi wetu tunapapita tu tukienda Gikomba kusaka viatu. Hapo ndipo Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba tarehe 5 Juni 1977, na Green Belt Movement ikaanzia hapo. Watu hudhani ilianzia Karura ama Uhuru Park. Zii, ni huku kwetu Eastlands. Miti mingi kati ya ile saba ilikauka baadaye, lakini yeye hakuacha.

Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940. 1960 akaenda Marekani kusomea biolojia, kwanza Kansas halafu Pittsburgh. Aliporudi 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi, ya chuo kikuu cha Nairobi. Kufika, akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyemchukua akafundishe muundo wa miili ya wanyama. 1971 akapata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuifikia.

Sasa msomi wa mifupa ya ng'ombe aliingiaje mambo ya miti? Ni kupe. Alikuwa akizunguka mashambani kuwakusanya, manake alikuwa akichunguza ugonjwa wa ndigana. Lakini huko akaona mito imekuwa na rangi ya udongo, ng'ombe wamebaki mbavu, na akina mama wanahangaika kutafuta kuni. Akang'amua kwamba ardhi iliyobaki uchi itamaliza mifugo kuliko kupe.

Dawa yake haikuwa ripoti. Aliwaendea akina mama wa vijijini wakaanza kuotesha miche wenyewe, hata kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika. Kila mche ulioshika, mama alilipwa senti kadhaa. Uliokufa haukulipiwa, kwa hivyo waliitunza kweli kweli. Wataalamu wa misitu walidhani kazi hiyo inataka watu wenye diploma. (Sisi tulioacha kolej njiani tunaipenda sana sehemu hii.)

Halafu ikaja 1982. Alitaka kugombea ubunge Nyeri, na sheria ilimtaka ajiuzulu kwanza. Akajiuzulu. Akazuiwa kugombea, ati kuna kasoro katika usajili wake wa kura. Kurudi chuoni, nafasi ishajazwa, na nyumba ya chuo akatakiwa kuhama. Miaka 16 ya kazi iliisha hivyo, bila mshahara wala pensheni. Sijui wewe, lakini mimi ningekaa ndani mwezi mzima nikitazama dari. Yeye alihamia kanyumba kadogo alikokuwa amenunua zamani, akaifanya miti kuwa kazi yake ya kila siku.

Mengine unayajua: jumba la ghorofa 60 lililokwama Uhuru Park, kipigo cha Karura, Tuzo ya Nobel 2004.

Alifariki Septemba 2011. Jeneza lake halikutengenezwa kwa mbao, lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugumaji. Alichomwa Kariokor, karibu na Kamukunji, na majivu yake yakazikwa Kabete, katika taasisi yenye jina lake, ndani ya chuo kile kile kilichokataa kumrudisha kazini.