Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (11 Desemba 1843 – 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtafiti wa vijidudu kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu na kwa kuonyesha jinsi bakteria wa kimeta wanavyodumu ardhini. Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Alifanya utafiti pia katika maeneo ambayo leo ni Tanzania na Uganda.

Maisha

Koch alizaliwa Clausthal, mji wa migodi, ambako baba yake alikuwa ofisa wa madini. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen akahitimu mwaka 1866. Kuanzia mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya mjini Wollstein (leo Wolsztyn, Poland), ambako kimeta kiliua mifugo mingi.

Mwaka 1876 alieleza mzunguko wote wa bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis. Alionyesha kwamba hujigeuza kuwa spora, yaani chembe zenye ganda gumu zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi. Mwaka 1882 alitangaza bakteria wa kifua kikuu, kisha akachunguza kipindupindu nchini Misri na Uhindi. Tuberkulini, dawa ya kifua kikuu aliyoitangaza mwaka 1890, haikuponya.

Afrika Mashariki

Koch alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897, akachunguza malaria, tauni na magonjwa ya mifugo. Aliporudi miaka ya 1904–1905 alithibitisha kwamba homa ya papasi huambukizwa na papasi, kupe wanaojificha katika sakafu za udongo.

Mwaka 1906 alianza kuchunguza malale, kwanza Amani katika milima ya Usambara, halafu katika visiwa vya Sese kwenye ziwa Viktoria. Huko aliwadunga wagonjwa Atoxyl, dawa yenye arseniki. Wengi walipata nafuu ya muda tu, na dozi zilipoongezwa baadhi yao walipofuka kabisa. Kazi hiyo inahesabiwa leo kati ya majaribio ya tiba ya kikoloni yanayolaumiwa.

Kimeta na plasmidi

Koch alishikilia kwamba kila ugonjwa wa kuambukiza una kijidudu chake chenye tabia zisizobadilika. Msimamo huo ulisaidia sana tiba, lakini haukuwa ukweli wote. Mwaka 1952 Joshua Lederberg wa Marekani alibuni jina plasmidi kwa chembe za urithi zilizo nje ya kromosomu. Kwa kawaida plasmidi ni pete ndogo ya DNA, na nyingi zinaweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Miaka ya 1980 ilijulikana kwamba ukali wa kimeta unategemea plasmidi mbili: pXO1 yenye jeni za sumu, na pXO2 yenye jeni za utando unaomkinga bakteria dhidi ya kinga ya mwili. Plasmidi za namna hiyo zimekutwa katika ndugu zake wa udongoni walio karibu na Bacillus cereus. Nchini Cote d'Ivoire na Kamerun bakteria wa aina hiyo waliua sokwe. Kwa njia hiyohiyo bakteria wengine hupeana jeni za kustahimili zebaki, shaba au arseniki. Pete moja huweza kubeba pia jeni za usugu dhidi ya antibiotiki. Hivyo udongo uliochafuliwa na metali unaweza kuendeleza usugu huo hata pasipo dawa.

Umuhimu wake leo

Kimeta bado hutokea kaskazini mwa Tanzania, ambako mifugo na wanyamapori hushiriki malisho. Mwaka 2016 kilizuka Selela, wilaya ya Monduli, magharibi mwa mlima Meru, kikapata wanyamapori, mifugo na watu. Watu huambukizwa hasa wanapochuna au kula mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo. Mzoga hautakiwi kupasuliwa, kwa sababu bakteria wakipata hewa huunda spora na kubaki ardhini.

Chanjo ya mifugo inayotumika zaidi ilitengenezwa na Max Sterne nchini Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Hutumia bakteria hai waliopoteza plasmidi pXO2: hufundisha mwili kujikinga bila kuleta ugonjwa wenyewe.

Koch alifariki Baden-Baden akiwa na umri wa miaka 66.