Franco Luambo: mtoto wa muuza mandazi aliyeongoza orkestra kubwa

Huku mashariki, hata mtu asiyesikia Lingala anaijua gitaa ya Franco. François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, Kongo ya Chini, akakomalia Léopoldville, Kinshasa ya leo. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mtoto. Mama akawa anauza mandazi sokoni Ngiri-Ngiri (Kinshasa wanayaita mikate), naye Franco anapiga gitaa ya kopo, nyuzi zake ni waya za umeme. Ebengo Dewayon ndiye alimuonyesha kazi. Mwaka wa 1953 akaingia studio ya Loningisa akiwa na miaka 15.

OK Jazz ilizaliwa mwaka wa 1956. Jina lilitoka kwa OK Bar, baa ya Oscar Kassien walimokuwa wanapigia. Baadaye ikaitwa TP OK Jazz, TP ni Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Jina kubwa, lakini kazi ilifuata.

Gitaa peke yake haikumtosha. Wimbo ulianza polepole, waimbaji wanatoa habari yote. Kisha sebene: gitaa tatu ao ine zinarudilia sauti fupi ileile, Franco anagusa nyuzi mbili kwa pamoja, na tarumbeta pamoja na saksofoni zinamjibu. Verckys aliyeingia 1963 ndiye aliipa saksofoni nguvu mpaka alipotoka 1969. Miaka ya 80 wanamuziki walizidi 30. Wengine walikuwa wanapiga Ulaya, wengine wamebaki Kinshasa, na yote ni OK Jazz.

Na serkali, mambo yalikuwa magumu. Tarehe 2 Juni 1966 Mobutu alinyonga watu wanne mbele ya raia, mmoja wao Évariste Kimba wa Katanga. Franco akatoa wimbo Luvumbu Ndoki, habari ya mchawi anayekula watu wake. Watu wakaelewa. Wimbo ukakatazwa, yeye akavuka mto kwenda Brazzaville. Mwaka wa 1978 alifungwa juu ya nyimbo za matusi. Lakini 1984, mtu huyuhuyu aliimba kuomba watu wamchague Mobutu, na kandideti alikuwa mmoja tu! Wanaomsifu kuwa mtetezi wa raia wanapita haraka hapo.

Mario, wimbo wa 1985 juu ya kijana mwenye diploma anayelishwa na mama mwenye pesa, unachezwa hata leo. Mwaka wa 1987 akaonya watu juu ya SIDA, wakati wengi walikuwa wanaona haya kuitaja.

Alikufa Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na miaka 51. Zaire iliomboleza siku ine, redio inapiga nyimbo zake tu. Orkestra ilidumu miaka ine tu: familia na wanamuziki waligombana juu ya pesa, na Simaro Lutumba pamoja na wenzake wakaenda kufungua Bana OK.