Moshoeshoe, Mfalme Aliyewakusanya Waliotawanyika

Mara nyingi twasoma habari za wafalme walioshinda vita. Leo twataka kuwasimulia habari za mfalme aliyeshika kazi ngumu kuliko vita, yaani kuwafanya watu waaminiane tena baada ya kulana. Neno hili la kulana hatulisemi kwa mfano, kama mtakavyoona.

Moshoeshoe alizaliwa karibu mwaka 1786 huko Menkhoaneng, katika nchi iitwayo sasa Lesotho, ambayo imezungukwa pande zote na Afrika ya Kusini. Baba yake, Mokhachane, alikuwa jumbe mdogo tu. Katika ujana wake Moshoeshoe alikuwa mkali, mwenye kiburi, na hodari wa kunyang'anya ng'ombe. Yasimuliwa hata kwamba aliwaua watu kwa makosa madogo. Wazee wake wakaogopa, wakampeleka kwa Mohlomi, mzee mwenye hekima aliyejulikana mbali. Huyo akamfundisha kupenda amani, kuwahurumia maskini, na kutomwua mtu kwa kushitakiwa uchawi. Kijana alisikia. Lakini kusikia ni jambo moja, na siku ya kujaribiwa ni jambo jingine.

Siku hiyo ilifika katika miaka ya 1820, wakati ambao Wasotho wauita Lifaqane. Kabila lilisukuma kabila. Ng'ombe wakatekwa, mashamba yakaachwa, ghala zikabaki tupu. Mwenye njaa akamwibia jirani yake, na jirani akamwua. Wengine wakakimbilia mapangoni, wakawa wala watu. Mwaka 1824 Watlokoa wakamzingira Moshoeshoe juu ya mlima wa Butha-Buthe, hata watu wake wakakaribia kufa kwa njaa. Ndipo alipowaongoza kwenda kusini, wakati wa baridi kali, mpaka mlima wenye kilele tambarare, wenye chemchemi za maji na njia chache za kupandia. Huo ndio Thaba Bosiu, maana yake Mlima wa Usiku. Njiani babu yake, Peete, alibaki nyuma kwa sababu ya uzee. Wala watu wakamkamata, wakamla.

Baadaye wala watu hao, ambao mkuu wao aliitwa Rakotsoane, waliletwa mbele ya Moshoeshoe. Watu wote walitazamia wauawe, na nani angemlaumu? Lakini yeye akajibu kwamba watu hao wamekuwa kaburi la babu yake, wala haifai mtu kuliharibu kaburi la wazee wake. Akaamuru ng'ombe achinjwe, na miili yao ipakwe majani yaliyomo tumboni mwa ng'ombe, kama ilivyokuwa desturi ya kutakasa makaburi. Kisha akawapa mahali pa kukaa na ng'ombe wa kutunza, ili waache kuwinda watu na waanze tena kulima.

Tulipoisikia habari hii mara ya kwanza tulidhani ni werevu tu. Tumeifikiri sana tangu hapo. Kama angewaua, wenzao waliobaki mapangoni wasingetoka kamwe. Na kama angewasamehe kwa maneno matupu, wangerudi mapangoni kwa njaa. Yeye alitoa ng'ombe kwanza, tena kwa watu ambao hawakuwa na dhamana yo yote ila jina baya.

Ng'ombe hao waliitwa mafisa. Mfalme alimkabidhi mtu ng'ombe wake. Mtunzaji akanywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wakabaki mali ya mfalme. Desturi hii haitakuwa ngeni kwa wale wasomaji wetu ambao hulisha ng'ombe wa jirani. Moshoeshoe aliieneza kwa wakimbizi wa kila kabila, Wasotho kwa wasio Wasotho, hata kwa waliokuwa adui zake jana. Kila asubuhi mtu alipokamua alijua kwamba mfalme amemwamini, na ya kwamba ng'ombe huyo aweza kupotea usiku mmoja kama yeye mwenyewe akitaka. Sisi tulio wachungaji tumeona ugomvi wa wazee katika shirika, na jinsi mkubwa anavyowaita wote wapatane huku ufunguo wa sanduku ukibaki mfukoni mwake. Watu huinamisha vichwa, hutoka, na hakuna aliyepatana.

Tena alikuwa na pitso, yaani baraza la watu wote. Huko mtu asiye na cheo aliweza kusimama na kumlaumu mfalme mbele ya wote, naye alikaa kimya akisikiliza. Wamisionari watatu Wafaransa waliofika kwake mwaka 1833, Casalis, Arbousset na Gosselin, walistaajabia uhuru huo.

Hata adui wa mbali alimtendea vivyo hivyo. Mwaka 1831 Wandebele wa Mzilikazi waliupanda mlima, wakarudishwa kwa mawe yaliyoporomoshwa juu yao. Walipokuwa wakienda zao kwa aibu, Moshoeshoe akawapelekea ng'ombe wa kula njiani, akisema kwamba bila shaka ni njaa iliyowaleta. Hawakumshambulia tena.

Lakini tusimsifu kupita kweli. Utawala unaosimama juu ya hiari ya watu una udhaifu wake. Mwaka 1852 Jenerali Cathcart, gavana wa Cape, alimdai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 kwa siku tatu, kwa ajili ya wizi wa mifugo. Zikapatikana 3,500 tu, maana majumbe wake hawakutaka kutoa, naye hakuweza kuwashurutisha. Vita vikapigwa Berea. Wasotho hawakushindwa, walakini usiku ule mfalme akampelekea jenerali barua ya kuomba amani, akikiri kwamba amekwisha kuadhibiwa. Jenerali akaondoka na jeshi lake. Wanawe na majumbe wake waliendelea kuteka ng'ombe wa Makaburu, na katika vita vya 1858 na vya 1865 mpaka 1866 nchi iliumia sana. Mashamba mazuri yaliyo magharibi ya mto Caledon yakapotea, wala hayajarudi hata leo. Mwaka 1868 akaiweka nchi iliyobaki chini ya ulinzi wa Waingereza.

Alikufa tarehe 11 Machi 1870, mzee sana, bila kubatizwa, ingawa aliwapenda walimu na kuwapa mahali pa kujenga. Jambo hili limetuhuzunisha, nasi hatutaki kulificha. Alizikwa juu ya Thaba Bosiu, mlima ambao hakuna jeshi lililowahi kuuteka mkononi mwake. Na watu waliousindikiza mwili wake walikuwa taifa moja, nao wajukuu wa makabila mengi.